Tambi Zinazoanzia kwenye Yai

Mjini Bologna, kaskazini mwa Italia, mtu anayesukuma tambi kwa mkono ana jina lake la kazi. Huitwa sfoglina. Jina hilo linatokana na sfoglia, ile manda pana ya unga na mayai ambayo husukumwa mpaka ikawa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Wenyeji wa mji huo wana kipimo chao cha zamani: manda ikiinuliwa mbele ya dirisha, mtu aweze kuliona kanisa la San Luca, lililo juu ya kilima nje ya mji, kupitia manda yenyewe. Ni maneno ya kutia chumvi, lakini kila aliyeishika kazi hiyo anaelewa anachoambiwa: bado, sukuma tena.

Wasikilizaji, mazungumzo ya leo yanahusu tambi hizo, tambi mbichi za mayai zinazotengenezwa nyumbani kwa unga, yai na nguvu za kiganja. Na lisemwe mapema jambo ambalo vitabu vingi vya mapishi hupita bila kuligusa, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili ya jikoni za Tanga, Kisumu au Bujumbura. Mtu aliyezoea kusukuma chapati ana robo tatu ya ufundi huu tayari mikononi. Robo iliyobaki hujifunzwa kwa siku mbili tatu, na sehemu yake kubwa ni kulivumilia donge gumu na kukubali kungoja.

Neno lenyewe si geni. Tambi ni nyuzi za taa pia: utambi mmoja, tambi nyingi. Katika nyumba nyingi za pwani, asubuhi ya Idi haikamiliki bila sahani ya tambi nyembamba zilizokaangwa mpaka zikageuka rangi, zikapikwa kwa sukari, iliki na tui la nazi, na zabibu kavu juu yake. Hizo ni za unga na maji, hukaushwa kiwandani na kuuzwa kwa pakiti. Tambi za mayai ni ndugu zao, ila wamelelewa nyumba nyingine. Haziwekwi kabatini miezi sita. Huiva kwa dakika mbili au tatu tu, na zikiingia mdomoni zina ulaini na ladha ya kiini cha yai ambayo tambi ya pakiti haiwezi kuifikia hata ikipikwa na fundi.

Asili ya vyakula vya namna hii imezungukwa na hekaya, na iliyoenea kuliko zote ni ile isemayo kwamba Marco Polo ndiye aliyezileta tambi Italia kutoka China. Marco Polo alirudi Venice mwaka 1295. Miaka 16 kabla ya hapo, mwaka 1279, mwandishi wa hati za sheria mjini Genoa alikuwa ameshaorodhesha chombo kilichojaa makaroni miongoni mwa mali za mteja wake. Nyuma zaidi, mwaka 1154, mwanajiografia Al-Idrisi aliandika habari za Trabia, mji wa kisiwa cha Sicily, ambako tambi zilizoitwa kwa Kiarabu itriyya zilitengenezwa kwa wingi, zikapakiwa merikebuni na kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Hekaya ya Marco Polo ilipata nguvu nchini Marekani mwaka 1929, ilipochapishwa katika Macaroni Journal, jarida la wenye viwanda vya tambi. Wachina walikuwa na zao tangu zamani sana. Waarabu na watu wa Sicily walikuwa na zao. Hakuna aliyekuwa akimngojea mfanyabiashara wa Venice.

Tambi za Sicily, hata hivyo, zilikuwa kavu, za kusafirishwa. Kusini mwa Italia humea ngano ngumu, ambayo unga wake ukichanganywa na maji peke yake hushikamana vizuri na kukaushwa juani. Kaskazini, katika bonde la mto Po, inamea ngano laini, jamaa ya hii inayotupatia unga mweupe wa chapati na maandazi. Unga huo ukikandwa kwa maji tu na kukatwa tambi, huwa mlegevu kwenye maji ya moto. Kinachousimamisha ni yai. Ndiyo maana nchi ya tambi za mayai ni mkoa wa Emilia-Romagna, ambako Bologna ndio mji mkuu, mahali penye ngano laini na kuku wengi wa mashambani.

Na watu wa Bologna hawana mzaha na jambo hili. Tarehe 16 Aprili 1972, chama cha wapenzi wa mapishi ya Kiitaliano kilipeleka rasmi katika Chemba ya Biashara ya mji huo vipimo vya tagliatella, tambi bapa ya mayai. Upana wake, ikiwa imeshapikwa, uwe milimita 8. Ili mtu asije akabishana, walieleza pia kwamba hiyo ni sehemu moja kati ya 12,270 ya urefu wa Mnara wa Asinelli, mnara wa karne ya 12 unaosimama katikati ya mji. Kisha wakatengeneza tambi moja ya dhahabu, ikahifadhiwa humo humo kama kielelezo. Ipo pia hadithi kwamba tagliatelle zilibuniwa na mpishi wa karne ya 15 aliyetekwa na nywele za dhahabu za bibi harusi. Hadithi hiyo ilitungwa kwa utani na mchoraji wa Bologna, Augusto Majani, mwaka 1931, na mpaka leo kuna watalii wanaosimuliwa kana kwamba ni historia.

Habari iliyo nzito kuliko dhahabu na nywele ni ya mwanamke aliyeitwa Marietta Sabatini. Alikuwa mpishi wa Pellegrino Artusi, mfanyabiashara aliyezaliwa Forlimpopoli, katika mkoa huo huo, mwaka 1820. Artusi alipostaafu aliandika kitabu cha mapishi ya nyumbani, wachapishaji wakakikataa, akakichapisha kwa fedha zake mwenyewe mwaka 1891, nakala 1,000 tu. Kilianza na mapishi 475. Baadaye kikazidi kukua, kwa barua za akina mama wa kila pembe ya Italia na kwa majaribio ya jikoni kwake, hadi kikafikia mapishi 790, na kinasomwa mpaka leo. Artusi ndiye mwandishi, lakini waliokuwa wakikanda, kusukuma na kuonja ni Marietta pamoja na mwenzake Francesco Ruffilli. Mzee huyo hakuwasahau. Alikiita kimoja cha vyakula vya kitabuni kwa jina la Marietta, na alipofariki mwaka 1911 haki za kitabu aliwaachia wao wawili. Mwaka 2007 Forlimpopoli ilifungua nyumba ya mapishi ya nyumbani kwa jina la Artusi, na wanaofundisha humo kusukuma manda kwa mkono wanaitwa Mariette. Inafaa hilo likumbukwe, kwa sababu maarifa ya donge karibu kila mahali duniani yamekuwa mikononi mwa watu ambao majina yao hayakuandikwa popote: bibi, shangazi, mama mkwe, msichana wa jikoni. Bologna imewapa watu hao jina la kazi. Kwetu anayesukuma chapati za harusi ya watu 400 hana hata jina hilo.

Sasa turudi kwenye unga.

Kanuni ya Emilia ni fupi: yai moja kwa kila gramu 100 za unga. Yai linalokusudiwa hapo ni kubwa, lenye uzito wa gramu 60 hivi pamoja na ganda, ambalo likipasuliwa hutoa gramu kama 55. Yai la kienyeji la kwetu mara nyingi ni dogo zaidi, kwa hiyo anayefuata kanuni hiyo kwa kuhesabu mayai ataishia na unga mkavu uliobaki bakulini, aanze kuongeza maji kwa wasiwasi. Dawa ni mizani, au kwa asiye nayo, mayai matatu ya kienyeji kwa gramu 200 za unga. Sheria ya Italia kuhusu tambi za mayai za kiwandani inataka angalau mayai manne, yenye jumla ya gramu 200, kwa kila kilo ya unga wa ngano ngumu. Tambi za nyumbani, kwa kanuni ya yai moja kwa gramu 100, zina mayai 10 kwa kilo. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza tofauti ya ladha. Na huko Piemonte, magharibi zaidi, kuna tambi nyembamba ziitwazo tajarin ambazo wapishi wengine huzikanda kwa viini vitupu, hadi viini 40 kwa kilo moja ya unga.

Yai linafanya kazi tatu kwa pamoja. Robo tatu ya uzito wake ni maji, na maji hayo ndiyo yanayolowesha unga. Kiini kina mafuta, na mafuta hulainisha donge na kulipa ladha. Ute una protini ambayo ikipata moto huganda, kama kila mtu anavyoona yai likikaangwa. Tambi ikitumbukia kwenye maji yanayochemka, ute ulio ndani yake huganda na kuushikilia wanga usimwagike. Hapo ndipo unga laini unapopata uti wa mgongo.

Lakini hesabu ya maji ndiyo inayomshangaza mpishi wa chapati. Gramu 55 za yai zina maji gramu 41 hivi. Donge la chapati kwa unga huo huo wa gramu 100 huingia maji gramu 55, 60, hata zaidi, na mafuta juu yake. Ndiyo sababu donge la tambi likishikwa mara ya kwanza linaonekana limeharibika. Ni gumu, lina nyufa, limetawanyika vipande vipande juu ya meza. Mkono uliozoea chapati unataka kukimbilia kikombe cha maji. Huo ndio wakati wa kujizuia. Mpishi aendelee kukanda dakika 10 kwa kutazama saa, akisukuma donge kwa kitako cha kiganja, akilikunja, akiligeuza robo duara, akilisukuma tena. Kati ya dakika ya nne na ya saba kitu hubadilika chini ya mkono. Nyufa huziba. Donge huacha kuchubuka, likaanza kung'aa kidogo, na likibonyezwa kwa kidole hurudi polepole. Rangi nayo hukaa sawasawa, bila michirizi ya kiini. Likiwa bado linachubuka baada ya dakika hizo, vidole vilowanishwe, viliguse, basi. Kijiko kizima cha maji kitaliharibu.

Kisha lifunikwe kwa bakuli lililopinduliwa na liachwe nusu saa. Wengi huona hatua hii ni ya kurukwa, hasa watoto wakiwa wameshaanza kuuliza chakula. Isirukwe. Unga wa ngano ukikandwa hutengeneza gluteni, utando wa protini unaovutika kama mpira. Donge lililotoka kukandwa lina utando uliokaza. Likisukumwa linajirudisha, na mpishi anabaki akipigana nalo. Nusu saa ya kupumzika hulegeza utando huo, na unga ambao haukuwa umelowa vizuri humaliza kunywa unyevu wa yai. Kila asukumaye chapati anaijua nguvu ya kuliacha donge lilale. Kwa tambi nguvu hiyo ni maradufu, kwa sababu donge halikuwa na maji mengi ya kulisaidia.

Sfoglina husukuma juu ya ubao mpana wa mbao, kwa mti mrefu usio na vishikio, wenye urefu wa karibu mita moja. Kibao cha chapati ni kidogo, na kifimbo chake ni kifupi. Hilo halizuii kitu. Donge la yai moja ligawanywe mara mbili, kipande kimoja kisukumwe na kingine kibaki kimefunikwa kisije kikashika ukoko. Mwanzo ni ule ule wa chapati: kutoka katikati kwenda pembeni, geuza, nyunyizia unga kidogo, rudia. Tofauti inakuja pale ambapo chapati ingekuwa imekwisha. Manda ya tambi ikifika unene wa chapati, kazi ndiyo kwanza imefika nusu. Inasukumwa hadi unene wake uwe milimita moja au pungufu, mpaka maua ya kitambaa cha meza yaonekane chini yake. Hapa mpishi wa Bologna huizungusha manda kwenye mti na kuiburuta kwa viganja viwili vinavyotoka katikati kuelekea ncha, na manda inavutika kwa upana huku ikisukumwa kwa urefu. Mwenye kutaka kujaribu mtindo huo aende kwa seremala akalainishiwe kipande cha mti kilichonyooka, cha urefu wa mkono mzima, na ahamie kwenye meza.

Mbao ni bora kuliko jiwe au chuma kwa sababu ya mikwaruzo yake midogo. Manda iliyosukumwa juu ya mbao kwa mti hupata uso wenye ukavu wa hariri mbichi, na mchuzi hushika juu yake. Mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono, yenye roli mbili za chuma, hufanya kazi kwa haraka na haina kosa lolote. Kwa mwenye familia kubwa ni msaada wa kweli. Uso wa manda yake tu ni laini zaidi, mchuzi huteleza kidogo.

Baada ya kusukumwa, manda ilazwe juu ya kitambaa safi mpaka iguswe bila kunata, lakini ikikunjwa isipasuke. Vitabu vya Ulaya husema dakika 10 au 15. Mombasa au Zanzibar, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, inaweza kuwa nusu saa chini ya feni. Arusha na Nairobi wakati wa kiangazi hewa ni kavu, dakika chache zatosha, na mwenye kwenda kujibu simu atakuta kingo zimeshakauka kama karatasi. Kidole ndicho cha kuaminiwa, saa hapana.

Kukata ni kazi ambayo mwanamke wa Kenya anayekata sukuma wiki ataifanya amefumba macho. Manda hunyunyiziwa unga, ikaviringishwa kwa ulegevu kama majani yaliyopangwa, na kisu kikali kikapita upande hadi upande bila kubonyeza. Milimita 7 kwa tagliatelle, ambazo majini zitavimba zifike zile 8 za dhahabu. Milimita 2 au 3 kwa tambi za supu. Kila mviringo mdogo uliokatwa huchukuliwa kwa vidole, ukatikiswa, na ghafla unafunguka kuwa utambi mrefu wa njano. Watoto wakiwepo jikoni, hapa ndipo pa kuwaita.

Kuhusu hiyo njano, kuna jambo la kujua. Rangi ya kiini hutegemea alichokula kuku. Mahindi ya njano na majani mabichi yana rangi ya asili inayohamia kwenye kiini. Afrika Mashariki mahindi mengi ni meupe, na kuku wa kisasa aliyelishwa chakula chenye mahindi hayo bila nyongeza hutaga yai lenye kiini kilichopauka. Kuku wa kienyeji anayezunguka uani akidonoa majani na wadudu hutaga kiini cha rangi ya chungwa. Ladha na protini hazitofautiani kwa kiwango cha rangi, ila tambi zilizokandwa kwa mayai ya kienyeji zitakuwa na uso mzuri wa kutazama. Na njano ya tambi za pakiti isichukuliwe kuwa ushahidi wa yai. Orodha ya viungo nyuma ya pakiti ndiyo isomwe.

Wachina wa Guangdong na Hong Kong wana njia yao, na ingestahili kipindi kizima. Huko kuna tambi zinazokandwa kwa mayai ya bata. Mpishi huweka donge chini ya mti mnene wa mwanzi ambao ncha yake moja imefungwa ukutani, akakalia ncha ya pili na kuruka-ruka, uzito wa mwili wake ukilibana donge mara mamia. Maduka yanayoendelea na kazi hiyo yamebaki machache. Tambi nyingi za Kichina huongezewa pia maji yenye chumvichumvi za asili ya majivu, jamaa ya magadi yetu, ambayo huzifanya zikaze na kuzidisha rangi ya njano ya unga. Mpishi wa nyumbani anayeanza aache magadi kwa siku nyingine. Yakizidi punje chache, tambi hunuka sabuni, na mayai yote yamepotea bure.

Kupika ni jambo la dakika, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla ya tambi kuingia majini: mchuzi umeiva, sahani zimepangwa, walaji wamenawa mikono. Maji yawe mengi, lita moja kwa gramu 100 za tambi, na chumvi gramu 10 kwa lita. Chumvi inawekwa hapo tu. Donge la Bologna kwa desturi halitiwi chumvi wala mafuta. Tambi hutumbukizwa maji yakichemka kwa nguvu, zikakorogwa mara moja zisishikane, na baada ya dakika mbili mpishi anaonja. Zile nyembamba huwa tayari zikielea tu. Kabla ya kuchuja, kikombe kimoja cha maji yale mazito kihifadhiwe. Yana wanga uliotoka kwenye tambi, na yakichanganywa na mchuzi kwenye karai huufanya ushikamane na kila uzi.

Onyo moja lisipuuzwe. Donge hili lina mayai mabichi, na joto la pwani ni rafiki mkubwa wa bakteria wa salmonela. Tambi mbichi za mayai zisikae nje zaidi ya saa mbili. Zisizopikwa siku hiyo ziingie kwenye friji na zitumike ndani ya siku mbili, au zigandishwe zikiwa vifungu vidogo, kisha zitumbukizwe majini moja kwa moja bila kuyeyushwa. Kuzikausha kwenye kamba ya nguo kama picha za Italia zinavyoonyesha, kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, ni kualika shida.

Mchuzi wake wa asili huko Bologna ni ragù, nyama ya ng'ombe iliyokatwakatwa au kusagwa, ikapikwa taratibu kwa saa kadhaa na karoti, kitunguu, nyanya kidogo, maziwa, mvinyo na nyama ya nguruwe. Nao wenyewe waliuandikisha katika Chemba ile ile ya Biashara, tarehe 17 Oktoba 1982. Huliwa kwa tagliatelle. Spageti ya ragù ni mazoea ya nchi za nje. Mwislamu ataacha mvinyo na nguruwe, akaongeza muda jikoni, na hatapungukiwa na mengi, kwa sababu siri ya mchuzi huo ni moto mdogo na subira. Mwenye kamba wabichi kutoka Kilwa au Lamu ana njia fupi zaidi: tui zito, kitunguu saumu, tangawizi kidogo, ndimu mwishoni. Tambi za mayai hunywa tui kuliko zile kavu, kwa hiyo lisikaushwe sana.

Na mahali ambapo mikono ya Waswahili na tambi za Kiitaliano zimekutana kwa kweli pako karibu. Nchini Somalia, iliyotawaliwa na Italia, neno baasto lilibaki na chakula chake kikabaki, kikiliwa na ndizi mbivu pembeni, nako Barawa ni mji wa watu ambao lugha yao, Chimwini, ni ndugu wa Kiswahili. Malindi ina habari nyingine. Katika miaka ya 1960 Waitaliano walijenga kituo cha anga cha San Marco karibu na Ngomeni, kaskazini mwa mji huo, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini. Baada ya wataalamu wakaja watalii, kisha wakazi, kisha hoteli na mikahawa. Leo kijana wa Malindi anaweza kujadili bei kwa Kiitaliano fasaha, na tambi za mkono zimekuwa chakula cha mji kando ya pilau na samaki wa kupaka.

Kuna kitu hubaki kwenye kibao kazi ikiisha. Manda husukumwa duara, tambi hukatwa zikiwa nyofu, kwa hiyo pembeni hubaki vipande visivyo na umbo, vingine kama kucha, vingine kama jani la mwembe lililochanika. Watu wa Emilia huviita maltagliati, yaani vilivyokatwa vibaya, na wengi huvipenda kuliko tambi zenyewe. Hawavitupi wala hawavikandi upya. Huvikusanya kwenye sahani yenye unga, na jioni huvimwaga kwenye sufuria ya maharage yaliyoiva, yakiwa na mchuzi mwingi, vikachemka humo dakika mbili. Jikoni kwetu maharage hayo yana nazi tayari. Vipande viingie tui la pili likiwa linatokota, vikorogwe taratibu kwa mwiko, tui la kwanza lifuate, sufuria iepuliwe.